Somo: Kuondoa maji ya mvua katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe

Naandika somo hili ili kila anayeniuliza kwa nini plasta yake inabanduka nimwelekeze hapa. Linahusu nyumba za Unguja za mawe ya matumbawe na chokaa, si za matofali ya saruji.

1. Pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

2. Mvua kubwa ikinyesha, simama uani uangalie maji yanakotuama.

3. Rekebisha paa na gata kabla ya masika. Paa la mita 80 za mraba likipata milimita 50 za mvua hushusha lita 4,000, kwa hiyo bomba moja jembamba halitoshi.

4. Zibua mfereji na chemba.

5. Rudisha mwinamo wa ua. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibiwa: fundi humwaga zege juu ya sakafu iliyochakaa bila kuibomoa, ua ukapanda, na maji yaliyokuwa yakienda kwenye mfereji yakageukia ukutani. Bomoa hadi usawa wa zamani, ambao aghalabu huonekana kwenye kizingiti cha mlango, kisha uupe ua mwinamo wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, ukipima kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili) na si kwa jicho. Usipige plasta ya saruji chini ya ukuta hata ukishawishiwa vipi! Matumbawe hunyonya maji na chokaa huyaacha yakauke hewani. Saruji huyafungia ndani, yakapanda juu zaidi na kuacha chumvi inayomenya rangi.

Maswali ya wanachama

Swali: Ukuta una unyevu. Nipake rangi gani?
Jibu: Hakuna. Soma hatua ya 5.

Swali: Fundi wangu anasema saruji ndiyo imara. Mbona maghorofa yanasimama?
Jibu: Maghorofa hayakujengwa kwa matumbawe. Sikusema saruji ni mbaya. Nimesema haipatani na ukuta huu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Baraza yetu ya nje imepata ufa pale inapokutana na ukuta, na chumba cha nyuma yake ndicho chenye unyevu. Je, vinahusiana?
Jibu: Marahaba, na umeangalia vizuri. Baraza si ya kukalia tu. Huzuia maji ya kichochoroni yasifike kwenye mguu wa ukuta. Chokonoa ufa, toa kilicholegea, loanisha, jaza chokaa na mchanga, kisha ufunike kwa magunia mabichi ili jua lisikaushe upesi. Halafu chukua msumari uchome ncha za boriti za chumba hicho mahali zinapoingia ukutani: ukizama kwa urahisi, boriti imeoza, na ni lazima itegemezwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Swali: Maji ya gata niyaingize kwenye karo la choo?
Jibu: Hapana. Litafurika.

Mchango: Mimi nayakinga kwenye tangi la kufulia.
Jibu: Vyema, ila bomba la ziada la tangi nalo lifikishwe kwenye mfereji, maana wengi huliacha likimwaga ukutani.