SOMO: Kufunga darubini kwenye bunduki ya bolti na kuipanga shabaha. Kliki ni za mwisho

Kamwene wakuu. Wiki hii nimeulizwa mara nne swali lile lile: nimefunga darubini, nimezungusha kliki (vile vituo vidogo vya vifundo vya darubini vinavyosogeza shabaha) mpaka nimechoka, risasi bado zinatawanyika. Naandika mara moja kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nimebeba bunduki za kuwindia miaka mingi upande wa Rungwa, na sasa nina yangu hapa Mafinga, CZ 550 inayotumia risasi ya .30-06, yenye kitako cha mti halisi. Somo hili ni la mwenye leseni na bunduki yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, isomeni. Sisi tunagusa darubini, skrubu na mbao tu. Mtutu, kifyatulio na bolti ni kazi ya fundi mwenye kibali.

Hatua ya 1. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa jicho kisha ingiza kidole. Chomoa bolti kabisa. Risasi zikae chumba kingine.

Hatua ya 2. Futa mafuta kwenye vikalio (vyuma vinavyobeba pete), pete zinazoshika darubini na skrubu kwa spiriti. Pete yenye mafuta haishiki.

Hatua ya 3. Funga vikalio. CZ 550 ina mifereji juu ya mtambo wake (chuma anamopita bolti), hivyo tafuta pete zilizotengenezwa kwa mifereji hiyo. Bunduki nyingine zinahitaji vikalio vya skrubu.

Hatua ya 4. Weka darubini bila kukaza. Vaa koti lile lile unaloendea porini, maana koti la baridi ya Mufindi linasogeza bega. Fumba macho, pachika bunduki begani, fumbua. Picha ikiwa nzima bila kivuli pembeni, umepata. Kati ya jicho na kioo iwepo sentimita 9 hivi. Kwa bunduki ya risasi kubwa ya .375 usipunguze hata kidogo, kwa sababu ukingo wa darubini unapasua nyusi.

Hatua ya 5. Nyoosha msalaba unaouona ndani ya darubini. Ning'iniza timazi ya fundi uashi mbele yako, ulinganishe uzi na mstari wa wima.

Hatua ya 6. Kaza skrubu za pete kwa mshazari, kidogo kidogo, nafasi ya pande mbili za pete ibaki sawa. Mkazo wa nyutoni mita 2 unatosha. Ukikaza kama nati za tairi la Fuso unaminya bomba la darubini, na kliki za ndani hazitafanya kazi sawasawa tena.

Hatua ya 7. Mbao. Hapa ndipo wengi mnaruka, na hapa ndipo mimi niliharibu.

Nilipoleta bunduki yangu Mafinga kutoka Rungwa ilikuwa inapiga vizuri. Baada ya miezi mitatu ya ukungu ikawa inapiga sentimita 15 kushoto kwa mita 100. Nikazungusha kliki, ikarudi. Nikashuka nayo Usangu kwenye joto na ukavu, ikahamia kulia. Nikazungusha tena. Nilimaliza boksi mbili za risasi kwa mtindo huo, nikilaumu darubini, mpaka fundi mmoja mzee akachukua noti ya elfu kumi, akaikunja mara moja na kuipitisha kati ya mtutu na ubao wa mbele. Ilikwama nusu ya njia. Ubao ulikuwa umenywa unyevu, umevimba, unausukuma mtutu upande. Ukikauka unauachia. Hakuna kliki inayotibu hilo.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Nilirudi nyumbani, nikachukua msasa na kukwangua mfereji wote wa ubao unamolala mtutu, noti ikapita, nikafurahi. Ila niliuacha mti mbichi bila kuupaka kitu, na nilikwangua mpaka kwenye kikao cha kile kigingi kilicho chini ya mtambo, kinachopokea msukumo wa risasi. Mvua za Januari zilipokuja mti ukanywa maji kuliko mwanzo, na mtambo ukawa unacheza ndani ya kitako. Ilibidi fundi aujengee kikao upya kwa gundi ya epoksi, na gharama yake niliisikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Zungushia msasa wa namba 120 kwenye kipande cha bomba chenye unene wa mtutu. Kwangua kwa kufuata urefu wa ubao, taratibu, ukipima kwa noti iliyokunjwa. Simama vidole vinne kabla ya kufika kwenye mtambo. KIKAO CHA KIGINGI USIKIGUSE. Ukimaliza paka mafuta ya kitani au vanishi ndani ya mfereji, mara tatu, kila mkono ukauke kabisa. Paka na chini ya mpira wa kitako, huko unyevu unaingilia sana. Rudisha mtambo, kaza skrubu ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye.

Angalizo: zipo bunduki zilizotengenezwa makusudi ubao uguse mtutu kwenye ncha. Kama yako ni hivyo na inapiga vizuri kiangazi na masika, iache.

Hatua ya 8. Bolti ikiwa nje, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone shabaha ya mita 25 katikati. Bila kutikisa, leta msalaba hapo hapo.

Hatua ya 9. Piga. Mahali pawe panaruhusiwa, nyuma ya shabaha pawe na kilima na siyo kichaka. Mimi natoa taarifa kituo cha polisi kwanza. Piga risasi tatu za aina moja, pima katikati ya matundu yote matatu, ndipo uzungushe. Darubini nyingi kliki moja ni milimita 7 kwa mita 100, na robo yake kwa mita 25. Mfano: kwa mita 100 umepiga sentimita 7 chini, hizo ni kliki 10 kwenda juu. Acha mtutu upoe, bolti ikiwa wazi, mpaka uweze kuushika kwa kiganja. Kwa .30-06 mimi naiacha sentimita 4 juu kwa mita 100, na miomboni inanitosha bila kukisia.

Maswali karibu.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mkuu, yangu inatawanya, nizungushe kliki ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya 7. Pitisha noti, kisha uje na jibu la noti.

Mdau wa Makambako: Nimesoma juu juu. Kitako changu ni plastiki lakini.

Mwandishi: Hilo ndilo ungelisema mwanzo. Plastiki haivimbi, ila laini inapinda ukiiegemeza ncha kwenye gogo. Weka mfuko karibu na magazini, siyo nchani. Angalia pia skrubu za pete na za mtambo. Moja imelegea, nadhani.

Kijana wa Mwanjelwa: Bro nataka niikate mtutu iwe fupi niiweke chini ya siti ya gari. Msumeno gani unafaa?

Mwandishi: Hakuna. Hiyo ni kesi, na bunduki ya kuwindia haifichwi chini ya siti. Sitajibu tena hili.

Kijana wa Mwanjelwa: Sawa, umekuwa mkali. Niliuliza tu.

Mwandishi: Nimekuwa mkali kwa sababu wapo vijana wanasoma hapa.

Dada wa Idodi: Shikamoo mzee. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Bunduki tukiipanga Iringa mjini asubuhi na baridi, tukishuka huku chini mchana inapiga juu kidogo. Mbao nimepima, noti inapita. Ni nini?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kupima kwanza. Ni baruti. Ikipata joto inaungua kwa nguvu zaidi na risasi inatoka kwa kasi kubwa. Hewa nyepesi ya mlimani nayo ina athari, lakini kwa mita 100 ni ndogo sana na inavuta upande mwingine, kwani Iringa ipo juu kuliko Idodi. Niambie, risasi mnaweka wapi kwenye gari?

Dada wa Idodi: Kwenye dashibodi.

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Jua la Pawaga kwenye kioo linazioka. Zitie kwenye mfuko wa turubai kivulini, na ile ya chembani isikae kwenye mtutu wa moto. Halafu ipangeni huko huko mnakofanyia kazi, mchana. Andika kwenye daftari: tarehe, joto, aina ya risasi, ilipopiga. Baada ya mwaka utaijua bunduki hiyo kuliko fundi.

Dada wa Idodi: Asante mzee. Na risasi ya kwanza kabisa mbona huwa inaenda peke yake?

Mwandishi: Mlisafisha mkaacha mafuta ndani ya mtutu. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka. Na hiyo ya kwanza, mtutu ukiwa wa baridi, ndiyo ya kuamini, kwa sababu mnyama hakupi ya kujaribia.

Mdau wa Tukuyu: Ugonile mzee. Nje kidogo ya mada: 06 kwenye .30-06 ni nini?

Mwandishi: Mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Ile .30 ni kipenyo kwa inchi, sawa na milimita 7.62. Ya .375 ilitoka Holland & Holland wa London mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo inayoheshimika kwa nyati. Mfumo wa bolti wa bunduki nyingi tulizonazo umetokana na Mauser ya Kijerumani ya 1898.

Mdau wa Tukuyu: Ndaga fijo. Na mvua ya huku Rungwe, nje ya kitako nipake nini?

Mwandishi: Mafuta ya kitani kwanza, yakikauka nta ya nyuki, sugua kwa kiganja mpaka ipate joto. Rudia kila mwezi masika.

Mdau wa Madibira: Naongezea hapo. Vumbi la barabara ya huku, bandika utepe wa umeme mdomoni mwa mtutu. Hata ukipiga nao hauna shida, upepo wa ndani unautoboa kabla risasi haijafika.

Mwandishi: Kweli kabisa, nami nafanya hivyo. Utepe mmoja tu, na nje, usichomeke kitambaa ndani. Tope au kitambaa ndani ya mtutu vinaupasua.

Mdau wa Madibira: Rangi nyeusi au nyekundu?

Mwandishi: Nyekundu. Ukidondoka unauona.