Jinsi ya Kutuma Pesa Kutoka Uingereza Hadi M-Pesa Kenya Bila Kupunjwa

Mwongozo huu unawahusu wanaotuma pesa za matumizi kwa jamaa zao Kenya kupitia programu za simu, kazi ambayo huwasaidia wateja wangu kuifanya kila mara.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupakua programu yoyote, tafuta jina la kampuni katika daftari la FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, ambalo husomwa mtandaoni bila malipo. Isipokuwemo, iache, hata kama rafiki ameisifu. Ukiikuta, jisajili kwa pasipoti au kitambulisho kingine inachokubali.

Hatua ya pili ndiyo inayowagharimu watu wengi. Linganisha angalau kampuni mbili kwa wakati mmoja, nawe usitazame ada peke yake, bali shilingi zitakazomfikia mpokeaji. Tuseme unatuma pauni 200 siku ambayo pauni moja inauzwa baina ya mabenki kwa shilingi 170. Kampuni inayojinadi kuwa haitozi ada inakupa kiwango cha 164, na mpokeaji anapata shilingi 32,800; nyingine inakata pauni 2 waziwazi, kisha inabadilisha pauni 198 zilizobaki kwa 169.5, naye anapata 33,561. Makato ya kampuni ya kwanza yamo ndani ya kiwango chake, na kwa maoni yangu tangazo la namna hiyo linawaonea watu wanaojinyima ili watume.

Hatua ya tatu: andika namba ya mpokeaji kwa kuanza na 254 na kuondoa sifuri ya mwanzo. Jina liwe lile lililosajiliwa kwenye laini yake, kwani jina la kuitwa nyumbani linaweza kukwamisha muamala. Kwa kuwa muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haihifadhi zaidi ya 500,000, fedha za ujenzi au kiwanja ni afadhali zipelekwe benki.

Hatua ya nne: lipa moja kwa moja kutoka akaunti yako ya benki. Epuka kadi ya mkopo, kwa sababu mara nyingi malipo haya huhesabiwa kama fedha taslimu zilizokopwa, na riba huanza kukatwa papo hapo.

Mwisho, hifadhi namba ya muamala mpaka mpokeaji athibitishe kwamba salio lake limeongezeka. Pesa zikichelewa, wasiliana na kampuni kupitia programu yenyewe, wala usipige namba uliyoikuta kwenye mitandao ya kijamii, maana matapeli hujifanya wahudumu na kuomba nywila.