Gari ya kabureta inatetemeka kwenye sailensa na kuzimazima: pitia haya kabla hujagusa skrubu

Juzi nilikuwa nahangaika na LiteAce ya jirani yangu, ile ya injini ya 5K, inazima kila akifika kwenye mataa. Barabarani inakimbia vizuri tu, akiachia mafuta ikabaki kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, halafu kimya, nyuma honi. Alikuwa ameshaambiwa anunue kabureta mpya. Haikuhitaji kabureta mpya. Nimeona niandike utaratibu ninaoufuata mimi, na unafaa pia kwa Corolla ya 4K, Datsun 1200, hata Peugeot 504, ilimradi ni kabureta.

Kitu kimoja uelewe kwanza. Ukiwa kwenye mwendo injini inakunywa kupitia jeti kubwa (jeti ni kitundu cha kupimia mafuta), ila ukiachia mafuta trotili, kile kisahani cha kuruhusu hewa, inajifunga na injini inabaki inaishi kwa kijinjia chembamba sana cha jeti ya sailensa. Ndo maana gari inaweza kwenda Morogoro bila shida halafu ishindwe kukaa dakika moja kwenye foleni. Kwenye sailensa inavuta hewa kidogo na mafuta kidogo, kwa hiyo hata kauchafu kama punje ya chumvi au kakitundu ka hewa kanatosha kuivuruga.

Hatua ya 1: Jua inazima lini

Usifungue boneti kwanza (kwa LiteAce usinyanyue siti kwanza, injini ipo chini ya makalio yako). Uliza maswali. Inazima asubuhi tu ikiwa ya baridi halafu ikipata moto inatulia? Angalia choki. Inawaka ukiwa umeshikilia ufunguo kwenye staata, ukiachia tu inakata? Hiyo sio kabureta kabisa, tafuta rezista ya koili, kile kidude cheupe cha kauri, au swichi ya ufunguo. Inatembea kilomita kadhaa inakufa, unasubiri inawaka tena? Fungua mfuniko wa tenki, ukisikia inavuta pumzi kwa nguvu basi tundu la hewa la mfuniko limeziba, na kama haivuti mshuku koili, zipo zinazochoka zikishapata moto. Inazima ukikanyaga breki? Nitaisema kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Moto wa plagi

Hii kila mtu anaijua. Plagi, waya, mfuniko wa distributa, rota, na kama ni ya pointi (vile visahani vya kukata umeme ndani ya distributa) basi pointi zisiwe zimeungua na gepu liwe karibu 0.45 mm. Injini ikiwa inaunguruma toa waya wa plagi mmoja mmoja, ambao ukiutoa mlio haubadiliki ndio silinda iliyolala. Ila kwa zenye umeme wa elektroniki usiache waya unaning'inia hewani, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyogusa bodi, la sivyo utaua ignita, kile kidude cha elektroniki kinachoendesha koili, na hiyo spea utaitafuta mji mzima.

Hatua ya 3: Mafuta yanafika?

Badilisha filta, ni hela ndogo. Halafu kwenye kabureta za Aisin kuna kakioo kadogo ubavuni, kisugue kwa kitambaa, mafuta yawe usawa wa alama ya katikati gari ikiwa sehemu tambarare. Yakiwa juu sana inalowa na kunuka petroli, yakiwa chini inakata kwenye kona na kwenye kilima. Basi, twende mbele.

Hatua ya 4: Hewa ya wizi

Hapa ndo watu wanapotea, na hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Injini ikivuta hewa kutoka sehemu yoyote isiyo kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi na sailensa inakufa. Fundi asiyejua ataongeza skrubu ya mafuta kufidia, sailensa itatulia wiki moja, plagi zitakuwa nyeusi kama masizi ya jikoni, gari itaanza kunywa mafuta, na tatizo lenyewe bado lipo pale pale.

Mimi naanza na geji ya vakyum (inapima nguvu ya injini kuvuta hewa), na kama una hela ya kununua kifaa kimoja tu kwa gari ya kabureta nunua hicho, achana na mambo mengine. Unachomeka kwenye manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini, injini ikiwa ya moto, sindano ikae inchi 17 mpaka 21 za zebaki bila kucheza, hiyo ni kwa huku Dar usawa wa bahari. Ukiwa Mbeya au Nairobi usishtuke ukiona pungufu, kila mita 300 za mwinuko toa kama inchi moja. Sindano ikituama chini, mfano 12 au 13, ama inavuta hewa ama taiming imechelewa. Ikiwa inadundadunda kwa mpigo uleule, hapo fikiria valvu, usihangaike na mipira ya hewa.

Sasa kuitafuta. Watu wengi wanapuliza petroli kwa bomba la sindano, wengine kabklina, dawa ya kusafishia kabureta. Kwenye injini za K manifoldi ya kuingiza na ya ekzosti zipo upande mmoja, kabureta imekaa juu ya chuma cha moto, unapulizia petroli hapo halafu siti zako za sponji zipo juu yake. Mimi natumia maji. Chupa ya kunyunyizia ya saluni, maji safi, nyunyiza kidogokidogo sehemu moja kisha subiri, maji yakiziba tundu utasikia mlio unabadilika, ama injini inajikaza ama inataka kuzima. Usiloweshe distributa, utajitengenezea tatizo lingine ulichanganye na la kwanza.

Sehemu za kupitia: chini ya kabureta pale kwenye gasketi na kile kipande cheusi kinachozuia joto, kile huwa kinapata ufa wa unywele. Nati nne za kabureta, mara nyingi zimelegea tu, kaza kwa kupishana na usikaze kama nati za tairi maana utapinda sahani ya chini na hapo hakuna gasketi itakayokuokoa. Ikishapinda weka msasa juu ya kioo cha dirisha usugue taratibu mpaka ilale. Na tafadhali, silikoni hapana. Petroli inaivimbisha, inamegeka vipande, vipande vinaenda kukaa kwenye jeti.

Halafu mipira. Hapa usiamini macho. Mpira wa valvu ya PCV (inayorudisha moshi wa ndani ya injini ukaungue) kwenye ile LiteAce ulionekana mzima kabisa kwa juu, nilipopitisha kidole kwa chini kikazama kwenye ufa, joto la chini ya siti limeupika mpaka umekuwa mgumu kama karanga. Valvu yenyewe itikise, ikilia ndani haijanata. Mpira wa kwenda kwenye distributa uchomoe upande wa kabureta au manifoldi, uvute kwa mdomo kisha uzibe kwa ulimi, ulimi ukinata na kubaki umenata kiwambo cha ndani ya distributa ni kizima, ukiachia wenyewe kimepasuka. Mpira wa busta ya breki (ile inayolainisha pedeli) uubane kwa koleo iliyofungwa kitambaa gari ikiwa imesimama, kama sailensa inatulia papo hapo basi busta imepasuka, na ndio wale ambao gari inazima wakikanyaga breki. Hiyo usiahirishe, ni breki.

Mingine yote ziba mmoja mmoja kwa bolti uone. Piga picha kwanza mipira ilivyokaa, maana ile ya gari za Kijapani imesukana kama mkeka.

Tahadhari mbili tena. Ukipata uvujaji mmoja usifunge vifaa, ile LiteAce mpira ulipobadilishwa ilipata nafuu tu, kumbe na nati mbili za kabureta zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Na zipo zinazovuta hewa zikiwa za moto tu, kwa hiyo pima baridi kisha pima tena imeshachemka. Kama maji yanabadilisha mlio kwenye ncha za shafti ya trotili, na shafti yenyewe ukiishika inacheza, hiyo ni uchakavu, peleka kwa mtu wa kerezo aweke bushi. Hapo tu ndo nitakubali mazungumzo ya kabureta nyingine, na bado ningetafuta ya mtumba ya Aisin kuliko zile mpya za bei chee.

Hatua ya 5: Solenoidi na jeti ya sailensa

Weka ufunguo ON bila kuwasha, chomoa waya wa solenoidi ya kabureta, kile kidude cha umeme kinachofungua na kufunga mafuta ya sailensa, kisha uguse tena. Lazima ilie "tik". Ikiwa kimya na umeme wa volti 12 unafika, imekufa. Wapo wanaokata kale kasindano ka mbele ili gari iwake, ni kweli itawaka, ila ukizima ufunguo itaendelea kutetemeka kama imepandwa na mashetani.

Jeti ya sailensa itoe, ipulize kwa kompresa, iangalie kwenye mwanga. Usiichokoe kwa waya.

Hatua ya 6: Sasa shika bisibisi

Injini ya moto, choki imefunguka, vitu vya umeme vyote off. Skrubu ya mchanganyiko ifunge mpaka iguse tu, ukikaza unaharibu ncha yake. Irudishe mizunguko miwili na nusu, washa, zungusha taratibu mpaka geji ya vakyum ipande mwisho, kisha funga kidogo mpaka ianze kushuka, hapo hapo acha. Halafu ndio skrubu ya trotili, sailensa ikae kwenye mizunguko 750 kwa dakika hivi, washa taa kubwa na feni uone kama inastahimili.

Kama umefika huku na bado kuna silinda ambayo ukitoa waya wake mlio haubadiliki, pima kompresheni, hiyo sio habari ya kabureta tena.