Pima volti kwanza ndo ulinganishe strima
Wadau wa muziki wa nyumbani, kabla hujatoa hela kwenye strima mpya (kifaa cha kupiga muziki wa mtandaoni) au waya wa USB wa bei ya bodaboda, fanya hivi kwanza. Chukua mita ya fundi umeme, ile ya kawaida tu, weka AC, piga toni ya 1 kHz (usiiachie muda mrefu, inakera nyumba nzima) halafu pima pale nyuma ya spika. Kifaa kimoja kikisoma volti 2.00 na kingine 2.10 hapo hulinganishi kitu, maana hiyo ni kama desibeli 0.4 na sikio halikwambii "hiki kiko juu", linakwambia "hiki kitamu zaidi", ndo linavyotupiga wote. Sogeza volyumu mpaka tofauti ibaki volti 0.02 hivi. Zima pia ikweliza na ile setingi ya kusawazisha sauti kwenye Spotify.

Kisha mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia. Mi nilimweka mdogo wangu, Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bei rahisi) dhidi ya strima ya kuazima, DAC ileile (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme), wimbo uleule mara 10, nikapatia 5 tu, yaani sawa na kubahatisha, dogo akacheka mpaka akakaa chini.

Ila kama chanzo ni simu ya Android angalia, nyingi zinageuza kila kitu kuwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) wakati CD ni 44.1, programu kama USB Audio Player PRO inairuka hatua hiyo.