Kuunganisha moduli za Wasm ndani ya programu ya Rust

VAT ya kawaida ya Kenya ni asilimia 16, ya Tanzania Bara 18. Programu yangu ya risiti inatumika pande zote mbili, na sina hamu ya kuijenga upya yote kwa ajili ya tarakimu moja. Kwa hiyo hesabu ya kodi inakaa peke yake kwenye moduli ya Wasm (WebAssembly, msimbo uliokompailiwa unaoweza kuendeshwa ndani ya programu nyingine) iitwayo `kodi.wasm`, uchapaji kwenye `risiti.wasm`, na mwenyeji wao, yaani anayezipakia na kuziendesha, ni programu ya Rust yenye Wasmtime (maktaba ya kuendesha Wasm).

Anza na `risiti`. Lazima itangaze inachohitaji:

```
(import "kodi" "kokotoa"
  (func (param i64) (result i64)))
```

Jina la kwanza ni la moduli, la pili la fanksheni. Yafanane herufi kwa herufi na yale utakayosajili. Jina la faili halihusiki. (i64, yaani namba kamili ya biti 64, ni kwa sababu nahesabu kwa senti. Desimali na pesa za watu, hapana.)

Kisha kwa mwenyeji, ukishapakia moduli zote mbili (`Linker` ndiyo inayooanisha majina, `store` inashika hali ya moduli zinazoendeshwa):

```
let mut linker = Linker::new(&engine);
let kodi = linker.instantiate(&mut store, &kodi_mod)?;
linker.instance(&mut store, "kodi", kodi)?;
let risiti = linker.instantiate(&mut store, &risiti_mod)?;
```

Anayetegemewa hutangulia. Ukigeuza mpangilio utapata `unknown import`; aina zikitofautiana, `incompatible import type`. Tumia `store` moja kwa zote.

Namba zinapita bila shida. Maandishi ndiyo yenye kazi, maana yanapitishwa kama anwani na urefu, na kila moduli ina kumbukumbu yake. Anwani 1048576 ya `risiti` ikipelekwa kwa `kodi` inaelekeza kwenye vitu vingine kabisa, na mara nyingi hutaona kosa lolote, utasoma takataka tu. Wengine hushauri moduli zitumie kumbukumbu moja. Mimi sikubali, kwa moduli zilizokompailiwa mbalimbali: Rust kwa kawaida huanza kuweka data kwenye anwani hiyo hiyo, baada ya MiB 1 ya steki (nafasi ya muda ya fanksheni), kwa hiyo ya pili itaandika juu ya ya kwanza.

Mwachie mwenyeji anakili. `kodi` itoe fanksheni ya kutenga nafasi, mimi naiita `tenga`. Mwenyeji aiite apewe anwani, asome baiti za `risiti` kwa `memory.read`, aziandike upande wa pili kwa `memory.write`. Ni polepole kidogo, lakini kwa jina la mteja kwenye risiti nani atahisi?

Kwa duka la Arusha, badilisha njia ya faili iende `kodi_tz.wasm`. `risiti.wasm` usiiguse.