Faili la Excel Linapokataa Kufunguka kwenye Kompyuta Yenye Matoleo Mawili

Katika ofisi ya ushirika mmoja wa wakulima wa karafuu huko Wete, Pemba, kompyuta ya karani ina Excel 2007 na Excel 2016 kwa pamoja. Toleo la zamani halikuondolewa kwa sababu faili la hesabu za wachumaji, ambalo limeandikwa pishi za kila mtu na fedha alizokwisha kutangulizwa, lina makro, yaani amri ndogo zinazofanya hesabu zenyewe, zilizotengenezwa humo miaka mingi iliyopita, na hakuna anayethubutu kuzigusa msimu ukiwa umepamba moto. Asubuhi moja karani alilibofya faili hilo mara mbili kama kawaida yake. Excel ilifunguka, lakini mahali pa majina na pishi palikuwa na dirisha tupu la kijivu, na juu yake ujumbe wa Kiingereza: "There was a problem sending the command to the program". Nilipofika nilimkuta amekwisha kuvitoa kabatini vitabu vya risiti, tayari kuanza kuijaza hesabu yote upya kwa mkono.

Faili lilikuwa zima. Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kufuta au kusakinisha chochote, ni kujua kama kasoro imo ndani ya faili au imo katika njia linayopitia hadi kuifikia programu. Nakili faili kwenye flashi, kisha fungua Excel yenyewe kutoka kwenye menyu ya Start, nenda "File", halafu "Open", ulitafute faili kutoka humo. Katika Excel 2007, badala ya "File" kuna kitufe cha duara kilicho pembeni juu. Faili likifunguka kwa njia hii, basi halina ubaya wowote, na kilichoharibika ni makabidhiano tu. Windows huweka katika rejista yake, yaani daftari lake la ndani la mipangilio, programu moja ya kufungulia kila aina ya faili, na toleo la Excel lililosakinishwa mwisho ndilo kwa kawaida hujiandikisha kuwa mwenye mafaili ya Excel. Matoleo yanapogombania nafasi hiyo, au moja linapoondolewa nusunusu, amri ya kufungua faili hupotelea njiani.

Anza na mpangilio mmoja ambao mara nyingi ndio chanzo cha dirisha tupu. Excel hupokea jina la faili kutoka kwa Windows kwa utaratibu uitwao DDE, na ikiambiwa iupuuze, itafunguka bila ya kujua imeitiwa nini. Ingia "File", "Options", "Advanced", ushuke hadi sehemu ya "General", na uangalie kisanduku kilichoandikwa "Ignore other applications that use Dynamic Data Exchange (DDE)". Kikiwa na alama ya vema, iondoe, ubonyeze OK, uifunge Excel kabisa, kisha ujaribu tena kubofya faili. Fanya hivyo katika matoleo yote mawili, kwa kuwa kila moja lina mipangilio yake. Kwa karani wa Wete, kazi iliishia hapo.

Ikiwa tatizo linaendelea, lisajili upya toleo unalotaka liwe mwenye mafaili. Kwa Excel 2007, funga madirisha yote ya Excel, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha uandike njia kamili ya programu ndani ya alama za kunukuu, uache nafasi, umalizie na /regserver, kama hivi: "C:\Program Files (x86)\Microsoft Office\Office12\EXCEL.EXE" /regserver. Folda ya Office12 ni ya toleo la 2007, Office14 ni ya 2010, Office15 ni ya 2013, na Office16 ni ya 2016. Alama za kunukuu zisisahauliwe, kwani njia hiyo ina nafasi ndani yake na bila ya alama hizo Windows huikata katikati. Kwa toleo jipya ni salama zaidi kuingia "Control Panel", "Programs and Features", uichague Office, ubonyeze "Change" na kuanza na "Quick Repair", ambayo haihitaji intaneti. "Online Repair" hupakua programu upya, kwa hiyo usiianze kwa bando la simu.

Ikiwa kilichochukua mafaili si Excel nyingine bali ni LibreOffice, programu ya ofisi isiyo ya Microsoft, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open with", kisha "Choose another app", uchague Excel na kuikubali iwe ya kudumu. Njia hii, hata hivyo, haifai kwa Excel mbili. Zote zinatumia jina lilelile la EXCEL.EXE, na Windows huorodhesha moja tu, hata ukiielekeza kwenye folda ya nyingine. Watu wengi hupoteza nusu siku hapa, wakidhani wamekosea wao.

Suluhisho ninaloliamini ni kutengeneza njia ya mkato kwa kila toleo, kuipa jina lililo wazi kama "Excel 2007 Hesabu za Pishi", na kuiweka katika folda inayofunguka ukibonyeza kitufe cha Windows na R kisha ukaandika shell:sendto. Kuanzia hapo, ukibofya faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Send to", unalipeleka mwenyewe kwenye toleo unalolitaka; katika Windows 11, bonyeza kwanza "Show more options".

Iwapo faili limekataa hata kwa njia ya "Open", angalia kama kuna mtu aliyebadilisha jina lake kutoka .xls kuwa .xlsx. Kubadilisha jina hakubadilishi muundo wa ndani, na Excel hulikataa kwa kudai kuwa muundo au kiendelezi si sahihi. Rudisha jina la awali, lifungue, kisha ulihifadhi upya kwa "Save As".

Kwa anayepanga kusakinisha matoleo mawili, la zamani litangulie na jipya lifuate, na yote yawe ya biti 32, kwani Office haikubali kuchanganya biti 32 na 64, na toleo la 2007 halikuwahi kuwa na la biti 64. Excel 2007 iliacha kupata masahihisho ya usalama mwezi Oktoba 2017, kwa hiyo ibaki kwa lile faili la makro peke yake, na mafaili yanayokuja kwa barua pepe au WhatsApp yasifunguliwe humo.