Siku ya baridi kali: pasha watu moto kwanza, nyumba baadaye

Kosa kubwa la siku ya baridi ni kutaka kupasha moto nyumba nzima. Kuni, gesi au umeme unateketea tangu asubuhi, na jioni inafika watu bado wamejikunyata, kila mmoja chumbani kwake. Chagueni chumba kimoja. Hicho ndicho kiwe sebule, mahali pa kulia chakula na uwanja wa watoto hadi usiku. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu watano wakikaa pamoja wanafanya kazi ya hita ndogo isiyolipiwa bili.

Chumba kinachofaa ni kile kidogo mnachoweza kuenea bila kukanyagana, chenye dirisha moja, na likielekea upande wa jua ni bora zaidi. Dari ndefu ni hasara, maana hewa ya moto hupanda ikakaa huko juu ambako hakuna mtu. Milango ya vyumba vingine ifungwe, na anayetoka arudishe mlango nyuma yake. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kama mna watoto.

Kuusaka upepo unaopenya

Washa kijiti cha udi, zima mwali, ubaki moshi. Funga madirisha na milango, sogeza mapazia pembeni yasishike moto, kisha pitisha kijiti polepole kuzunguka fremu ya dirisha, chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo na pale waya zinapoingilia ukutani. Moshi ukipanda wima, hapo pako salama. Ukilala upande au ukitetemeka, upepo unaingia. Tia alama kwa chaki papo hapo, kwa sababu ukishazunguka chumba chote hutakumbuka.

Mara nyingi mwizi mkubwa ni uwazi ulio chini ya mlango. Chukua suruali kuukuu ya kitambaa kigumu, kata mguu mmoja urefu wa upana wa mlango ukiongeza sentimita 5, shona ncha moja, jaza mchanga mkavu, shona ncha ya pili. Mchanga unafaa kuliko matambara kwa sababu una uzito. Mfuko wa matambara husukumwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya saa moja uko katikati ya chumba. Ila usiujaze hadi ukakakamaa kama gogo. Acha kama robo tupu ili ulale na kuifuata sakafu, vinginevyo upepo utapita pale pale sakafu ilipobonyea.

Nyufa za dirisha zizibwe kwa gazeti lililokunjwa mara nne au tano, ukilisukuma kwa kisu butu cha mezani. Pazia liguse kizingiti cha dirisha au sakafu. Likiishia hewani, hewa iliyopoa kwenye kioo huteremka na kumwagika chumbani kwa chini. Lifungue jua linapopiga dirisha, na lifunge kabla jua halijazama. Ukingoja hadi usikie baridi, joto la mchana limeshatoka.

Kitu kimoja hakizibwi: tundu la hewa, kama chumba hicho kina jiko la gesi au meko.

Moto

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, mchana wala usiku. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio watu huuona salama, kumbe ndio unaotoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana kiasi kidogo tu kinatosha kumlaza mtu asiamke. Sufuria ya maji juu ya jiko haiiondoi. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole halitoshi. Watu wawili watatu wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi mzito, na wakitoka nje wanapata nafuu, msidhani ni mafua. Tokeni nyote kwanza, kisha tafuteni msaada wa daktari. Kuota moto wa mkaa ni kazi ya uwanjani.

Hita ya umeme ikae mita 1 kutoka pazia, kochi na matandiko, na ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Hita ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, mzigo ambao ekstensheni nyembamba haiuwezi, hasa ikiwa imeviringishwa. Baada ya dakika 20 gusa plagi: ikiwa vuguvugu hakuna neno, ikichoma kidole zima hita. Nguo mbichi zisianikwe juu yake hata kwa dakika tano.

Mavazi, na nani akae wapi

Kinachomtia mtu joto si unene wa nguo bali hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Fulana inayokaa mwilini, juu yake shati, juu yake sweta pana, inashinda koti moja zito. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huvifanya vidole vizizime zaidi, kwa sababu damu haifiki vizuri. Soksi zilizolowa jasho zibadilishwe. Pamba ikishalowa haina joto tena, sufu angalau inabaki nalo kidogo. Mtoto anayeruka avuliwe sweta kabla hajatoa jasho, na avalishwe tena anapoketi.

Babu au bibi asikalishwe karibu na dirisha wala ukuta wa nje, hata kama ndicho kiti chake cha siku zote. Hewa baridi hutuama sakafuni, hivyo mpe kigoda cha kuegeshea miguu. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi baridi, na jibu lake litakuwa "sijambo" huku amepoa. Usipime kwa mikono yake, ambayo huwa baridi tu; omba ruhusa uguse tumbo au mgongo. Kipimajoto kikionyesha mwili umeshuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni dharura ya hospitali. Kwa upande wa chumba, Shirika la Afya Duniani linashauri kisishuke chini ya nyuzi 18, na penye wazee, watoto wachanga au wagonjwa huenda pakahitajika zaidi.

Pombe isihesabiwe kuwa dawa ya baridi. Hupanua mishipa ya ngozini, mtu akasikia joto wakati ndiyo kwanza mwili unalipoteza.

Sufuria ndani ya blanketi

Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kupata chakula cha moto bila kusimama jikoni, na inaokoa nishati nyingi. Loweka maharage nusu kilo usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya kama lita 2 katika sufuria ya lita 4 yenye mfuniko unaobana. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, tena yakitokota kwelikweli, kwa sababu maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na moto mkali tu. Yakipikwa kwa joto la chini tangu mwanzo yanaumiza tumbo. Endelea dakika 20 nyingine kwa moto wa wastani, ukiwa umefunika.

Wakati huo andaa kikapu au boksi imara: tandika blanketi chini na pembeni, unene wa sentimita 10 hivi ukiwa umeshindiliwa kidogo. Epua, hamisha sufuria bila kufunua, iweke katikati, funika kwa mto na blanketi lingine bila kuacha mwanya, na usiguse kwa saa 4. Kila ukifunua kuchungulia unapoteza joto ambalo halirudi. Ukitoa, rudisha motoni yachemke tena kabla ya kula. Yakitoka vuguvugu badala ya moto, ama sufuria haikujaa (ijae robo tatu, maana chakula kidogo hupoa upesi) ama vitambaa vilikuwa vyembamba. Ikiwa yalishapoa kabisa na hujui tangu saa ngapi, yamwage.

Chupa ya chai nayo ina siri ndogo: isuuze kwa maji yanayochemka, yaache humo dakika 5, mwaga, ndipo utie chai hadi shingoni.

Hewa na jasho la madirisha

Watu watano, mvuke wa chakula na chumba kilichofungwa: baada ya saa chache kioo kinatiririka maji, na ukungu mweusi huota pembeni mwa ukuta. Fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Hewa inabadilika, kuta na samani hazipati muda wa kupoa. Kuacha dirisha wazi kidogo siku nzima ni kinyume chake: ukuta unaolizunguka unapoa, na unyevu unatuama hapo hapo.

Michezo mtaichagua wenyewe. Ila baada ya kila dakika 40 za kukaa, watu wote wainuke kwa jambo fulani, hata kukunja nguo. Televisheni humkalisha mtu kimya hadi miguu inakufa ganzi bila yeye kujua.

Kulala

Aliyejifunika mablanketi matatu na bado anasikia baridi, huenda baridi inatoka chini. Uzito wa mwili huminya godoro na kuondoa hewa iliyomo. Ondoa blanketi moja juu, litandike chini ya shuka. Godoro lililo sakafuni liwekewe chini yake makadibodi ya maboksi, safu mbili, na asubuhi liinuliwe likauke.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ijazwe theluthi mbili tu, kwa maji yaliyokwisha kuacha kuchemka kwa dakika chache. Ibonyeze polepole hadi maji yafike shingoni ili hewa itoke, funga, ipindue juu ya sinki uone kama inavuja, kisha izungushie kitambaa. Ikae kitandani nusu saa kabla ya kulala. Ya mtoto itolewe kabla hajapanda.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi chupa hiyo kabisa, wala mto, wala kofia, wala blanketi linaloweza kumfunika uso. Avae nguo nzito za kulalia au mfuko wa kulalia unaomkaa sawasawa mabegani, alazwe chali kwenye kitanda chake. Usiku mguse kifua au kisogo: pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja, hata kama mikono yake ni baridi.